Boti Kuukuu ya Jeti: Ubadilishe Injini au Pampu? Mwongozo Kamili

Boti imechoka. Zamani ukiifungulia mafuta ilikuwa inachomoka. Siku hizi inanguruma, inatikisika, halafu inajikokota. Mwenye boti anafikia uamuzi ule ule wa kila mtu: injini kubwa zaidi. Anainunua, anaifunga, anashusha boti majini, na mwendo unaongezeka kiduchu ukilinganisha na fedha alizotoa. Hapo ndipo anapoanza kuuliza habari za pampu.

Mwongozo huu ni wa kukuzuia usifike huko. Unahusu boti za jeti za zamani, yaani zinazosukumwa na maji ambayo pampu huyatoa nyuma kwa nguvu, zenye injini ya petroli ndani ya tumbo la boti, mara nyingi ya silinda nane, iliyounganishwa moja kwa moja na pampu moja kama Berkeley, Jacuzzi au Hamilton. Ukiufuata hadi mwisho utakuwa na karatasi moja yenye namba, na namba hizo ndizo zitakazoamua.

Tenga siku mbili: moja ya kupima majini, nyingine ya kukagua boti ikiwa nchi kavu.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Mita ya mizunguko (ya injini kwa dakika) ya kushika mkononi, ile ya mwanga inayosoma kipande cha karatasi ing'aayo kilichobandikwa kwenye puli ya injini
- GPS yoyote, hata ya simu
- Saa ya kupimia sekunde
- Geji ya kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na ukipata, kifaa cha kupima uvujaji wa silinda
- Taa ya kuangalizia taimingi ya moto (wakati cheche ya plagi inapowaka)
- Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo) yenye majani marefu
- Tochi, kioo kidogo cha mkono mrefu, na nyundo ndogo ya plastiki
- Gasketi mpya za kila kifuniko utakachofungua
- Grisi isiyooshwa na maji
- Kitabu cha pampu yako, hasa ukurasa wenye jedwali la impela (gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu), nguvu na mizunguko
- Jaketi okozi, kizima moto, kamba ya usalama ya kuzima injini, na mtu wa pili wa kuandika

Mtu wa pili si pambo. Huwezi kushika usukani, kutazama maji mbele na kusoma namba kwa wakati mmoja. Anayejaribu hurudi na namba za kukisia.

Jedwali la impela nalo usilipuuze. Bila hilo unajua tu kwamba boti haikimbii, jambo ambalo ulilijua kabla hujasoma hapa.

## Kanuni moja ya kubeba kichwani

Nguvu ambayo pampu ya jeti inaidai injini hupanda kwa mchemraba wa mizunguko, yaani namba ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Ukitaka mizunguko iongezeke kwa asilimia 10, nguvu lazima iongezeke kwa asilimia 33. Ukifunga injini yenye nguvu zaidi kwa asilimia 20 na kuacha pampu ile ile, mizunguko itapanda kwa takriban asilimia 6 tu, na kasi ya maji yanayotoka nyuma nayo itapanda kwa kiasi hicho hicho. Hata ukifunga injini yenye nguvu maradufu, mizunguko itaongezeka kwa asilimia 26.

Ndiyo maana injini kubwa huwavunja watu moyo. Injini yenyewe inafanya kazi. Hesabu ndiyo bahili.

Lakini kanuni hiyo hiyo ina upande wa kukufaa. Rafadha (propela ya boti za kawaida) hubadilika mzigo kadiri boti inavyoshika kasi. Pampu ya jeti karibu haijali: ukifungulia mafuta yote, mizunguko husimama karibu pale pale, boti iwe ndiyo kwanza inaanza kutembea au tayari inateleza juu ya maji. Kwa hiyo pampu nzima ni mizani ya injini. Ukijua ukubwa wa impela na ukasoma mizunguko, umeipima injini bila kuitoa kwenye boti.

Angalia neno "nzima". Tutalirudia, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea.

## Hatua ya 1: Andika unachokitaka

Mstari mmoja tu. Je, unataka boti iinuke haraka ikiwa na watu wengi? Unataka mwendo wa juu zaidi? Au unataka tu irudi ilivyokuwa?

Majibu haya hayana dawa moja. Anayetaka kuondoka kwa nguvu akiwa na mzigo anahitaji pampu inayosukuma maji mengi. Anayetaka mwendo wa juu anahitaji mizunguko zaidi, yaani nguvu zaidi. Na anayetaka boti irudi ilivyokuwa, kwa kawaida hahitaji kununua kitu kikubwa chochote.

## Hatua ya 2: Ondoa wezi wa mwendo

Usipime boti yenye kasoro za bure. Anza na hizi:

Waya wa mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mwambie mwenzako asukume mkono wa mafuta hadi mwisho. Wewe tazama ndani ya kabureta: je, vipepeo vimesimama wima kabisa? Waya wa zamani hulegea, na kipepeo kilichofunguka robo tatu hujifanya injini mbovu. Kwa dosari hii peke yake kuna injini zimewahi kung'olewa.

Ndoo ya rivasi, ile inayogeuza maji ili boti irudi kinyumenyume. Inapaswa kupanda juu kabisa na kutoka kwenye njia ya maji. Ukingo wake ukigusa maji yanayotoka kwenye nozeli (mdomo wa nyuma wa pampu), hata kidogo, unasukuma mbele na kufunga breki kwa wakati mmoja.

Mdomo wa kunyonya. Lala chini ya boti uangalie vyuma vya chujio. Majani, kamba, mfuko wa plastiki, jiwe lililobana: toa vyote. Hakikisha pia kwamba mahali tumbo la boti linapokutana na mdomo huo pako laini. Ukingo uliobanduka au gundi iliyovimba huyavuruga maji kabla hayajafika kwenye impela.

Uzito. Boti nyingi za zamani zina povu la kuifanya boti ielee lililojazwa chini ya sakafu, na povu lililozeeka hunywa maji. Toboa tundu dogo mahali pa chini pasipo hatari, au ng'oa kipande cha sakafu, uchukue sampuli. Likiminyika kama sifongo, umekuwa ukibeba abiria usiowajua, na hakuna injini itakayowashusha.

Onyo: kabla ya kuingiza mkono karibu na impela, iwe kwa chini au kupitia kifuniko cha ukaguzi, toa ufunguo na uchomoe waya wa betri. Si kimoja, vyote viwili.

Utajua umefaulu hapa ukiwa na boti safi, nyepesi kadiri inavyowezekana, inayofungua mafuta yote na isiyo na kitu mdomoni.

## Hatua ya 3: Pima majini

Chagua maji yaliyotulia, yenye kina cha kutosha, pasipo waogeleaji wala boti nyingine. Maji mafupi hunyonyesha pampu mchanga, na mchanga hula impela.

Washa feni ya kutoa hewa kwenye chumba cha injini kwa angalau dakika 4 kabla ya kupiga stati. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini, ukingoja cheche.

Ipashe injini moto hadi joto lake la kawaida. Kisha:

1. Linganisha mita ya mizunguko ya dashibodi na ile ya mkononi kwenye mizunguko 2,000, ukiwa mahali pa wazi. Andika tofauti. Mita za zamani hudanganya kwa mamia, na kanuni ya mchemraba hulikuza kosa dogo likawa kubwa. Kamwe usisogeze mkono karibu na mikanda injini ikiwa inazunguka.
2. Kila aliyemo avae jaketi okozi, na dereva ajifunge kamba ya usalama. Kumbuka kwamba boti ya jeti haina usukani mafuta yakifungwa, kwa sababu ni maji yanayotoka nyuma ndiyo yanayoigeuza. Ukiona kitu mbele, silika ya kuachia mafuta ndiyo itakayokufanya ukigonge.
3. Kutoka mwendo wa kutembea, fungulia mafuta yote. Pima sekunde hadi boti iinuke na kuanza kuteleza juu ya maji.
4. Shikilia mafuta yote kwa sekunde kama 10. Andika mizunguko na mwendo wa GPS.
5. Geuka, rudia kwa upande wa pili, chukua wastani. Upepo na mkondo hufutana.
6. Rudia yote mara tatu, kwa kiasi kile kile cha mafuta tangini na watu wale wale.

Sikiliza pia. Mizunguko ikiruka ghafla huku boti ikipoteza msukumo, pampu inavuta hewa au inatengeneza vipovu vya mvuke kwenye impela, kile mafundi wanachokiita kaviteshini. Sauti yake hufanana na changarawe kwenye bomba. Andika inatokea lini: wakati wa kuondoka, kwenye kona, au muda wote.

Umefaulu kama majaribio matatu yanakaribiana. Yakitofautiana kwa zaidi ya mizunguko 100, tafuta sababu kwanza. Injini inayokosa moto hapa na pale haipimiki.

## Hatua ya 4: Soma namba

Sasa tafuta ukubwa wa impela yako. Mara nyingi herufi au namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa pampu za Berkeley, A ni kubwa kuliko B, na B ni kubwa kuliko C. Impela kubwa hudai nguvu zaidi kwa mizunguko ile ile. Tahadhari moja: boti ya miaka 40 huenda imepitia mikono mingi, na impela ya A inaweza kuwa imepunguzwa kwenye karakana bila herufi kufutwa. Ukifungua pampu, pima kipenyo chake.

Tuseme jedwali linaonyesha kwamba impela yako hunywa nguvu farasi 300 kwa mizunguko 4,400, na injini yako ilipokuwa mpya ilitoa hizo 300. Wewe umesoma 4,050. Gawanya 4,050 kwa 4,400, upate 0.92. Zidisha 0.92 kwa yenyewe mara tatu, upate 0.78. Zidisha kwa 300. Pampu inapokea takriban nguvu farasi 234.

Mizunguko 350 pungufu inaonekana si kitu. Nguvu farasi 66 zilizopotea ni kitu.

Sasa linganisha na hali hizi:

Mizunguko iko chini ya jedwali, na mwendo uko chini. Pampu inashika maji, injini haifiki. Shuku injini. Kama impela ilishawahi kubadilishwa, shuku pia kwamba waliweka kubwa kuliko uwezo wake.

Mizunguko iko juu ya jedwali, na mwendo uko chini. Injini inazunguka bila kubeba. Pampu imechakaa, inavuta hewa, au impela imeliwa. Kumuuzia mtu huyu injini ni kumwonea.

Mizunguko iko sawa, na mwendo umepungua. Hii ndiyo hali ya hila. Pampu iliyochakaa hudai nguvu kidogo, kwa hiyo injini dhaifu nayo huonekana inafika. Magonjwa mawili yanafichana. Usiamue lolote hadi umalize hatua ya 5.

Mizunguko iko sawa, na mwendo uko kama boti ilivyoundwa. Boti yako ni nzima. Kiu yako ndiyo iliyokua. Ruka hadi hatua ya 7, ukijua kwamba hapo unanunua anasa. Hakuna ubaya, mradi uiite kwa jina lake.

## Hatua ya 5: Kagua pampu, hata kama unashuku injini

Sababu ni ile niliyoitaja: mizani mbovu haipimi. Isitoshe, kuirudisha pampu katika hali yake kwa kawaida ni nafuu kuliko kuigusa injini.

Nafasi kati ya impela na pete yake. Ukikagua kitu kimoja tu, kiwe hiki. Impela huzunguka ndani ya pete inayobadilishika, na pampu nzima huwa na nafasi ya sehemu ndogo tu ya milimita kati yao. Nafasi ikipanuka, maji yaliyokwisha kupewa shinikizo hurudi nyuma badala ya kutoka nje, na pampu inazungusha maji yale yale. Ingiza fila geji sehemu nne, kwa umbo la msalaba, ukiizungusha shafti kwa mkono. Kwenye pampu nyingine utafika kwa kupitia kifuniko cha ukaguzi. Nyingine hadi ufungue sehemu ya nyuma. Kitabu cha pampu kinataja kipimo cha upya na kipimo cha kubadilisha. Kifuate hicho, si maneno ya mtu.

Namba nne zikiwa sawa lakini kubwa, ni uchakavu wa kawaida. Zikitofautiana, upande mmoja ukibana na wa pili ukiwa wazi, shafti haiko katikati: beringi imekwisha, au shafti imepinda. Kubadilisha pete peke yake hapo ni kununua pete nyingine baada ya muda mfupi.

Kingo za impela. Tazama kwa tochi na kioo. Mapengo yaliyoachwa na mawe hunyooshwa kwa faili na fundi anayejua umbo lake. Vishimo kama vya ndui upande wa kunyonya ni alama ya kaviteshini. Kingo nyembamba kama wembe ni kazi ya mchanga. Impela ya alumini huliwa haraka kuliko ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu, na maji ya chumvi huongeza kasi hiyo.

Njia za hewa. Pampu inaweza kuvuta hewa kupitia pakingi ya shafti (kizibo kinachoizunguka), gasketi ya kifuniko cha ukaguzi, au mahali mdomo ulipounganishwa na boti. Pakingi ya kamba inapaswa kudondosha matone machache shafti inapozunguka. Ikiwa kavu kabisa imekazwa mno na inaikwangua shafti. Ikimwaga maji imelegea. Shafti iliyochimbika mfereji chini ya pakingi haitaziba kwa pakingi mpya, itaitafuna tu.

Beringi ya msukumo. Hii ndiyo inayobeba kani yote inayoisukuma boti mbele. Shika shafti, ivute na kuisukuma. Ukihisi inacheza mbele na nyuma kupita kiasi cha kitabu, au ukiizungusha ukasikia kama inasaga mchanga, ibadilishe. Ikishindwa safarini, impela husogea na kula pampu yote.

Viungo vya shafti kati ya injini na pampu: visicheze, viwe na grisi. Na mapezi yasiyozunguka ndani ya bakuli la pampu, nyuma ya impela, yasiwe na nyufa wala vipande vilivyokatika.

Pampu inayofaulu inazunguka kwa mkono bila mkwaruzo, nafasi zake nne zimo ndani ya kipimo, na haina mahali pa kuvutia hewa. Ukilazimika kurekebisha kitu, rudi majini urudie hatua ya 3 kabla ya kuigusa injini. Usishangae mizunguko ikishuka baada ya kutengeneza pampu huku mwendo ukipanda. Ni ishara njema: pampu imeanza kushika maji tena. Na sasa mizani inasema kweli.

## Hatua ya 6: Kagua injini

Baada ya pampu kuwa nzima na mizunguko bado iko chini, fungua ukurasa wa injini.

Anza na vinavyogharimu muda tu: taimingi ya moto, plagi, waya za plagi, chujio la mafuta, pampu ya mafuta, na mafuta yenyewe. Petroli iliyolala tangini msimu mzima si petroli ya kupimia.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe moto, plagi zote zimetolewa, moto umekatwa, vipepeo vya kabureta viko wazi kabisa, betri imejaa. Chumba cha injini kipitishwe hewa kwanza, kwa sababu cheche na mvuke havijui kwamba unapima. Acha kila silinda izunguke mara zile zile.

Kinachotazamwa zaidi ni ulingano. Silinda yenye kipimo cha chini ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kutoka ile yenye kipimo cha juu, kuna tatizo. Weka kijiko cha oili ndani ya silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua kati yao, na kwa injini inayopozwa kwa maji ya nje, kutu ndani ya njia za maji huwa chanzo cha kawaida.

Angalia oili. Rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Usiiwashe tena hadi ujue yameingilia wapi.

Nimeona watu wakiruka moja kwa moja hadi kompresheni na kuhukumu injini kufa, kumbe taimingi ilikuwa imechelewa. Fuata mpangilio.

## Hatua ya 7: Amua

Sasa una karatasi. Njia ni tano, nazipanga kwa namna ninavyozipendelea.

Kuirudisha pampu ilivyokuwa. Pete mpya, impela iliyosawazishwa, beringi, pakingi, gasketi. Kwa boti kuukuu ambayo haijafunguliwa pampu kwa miaka mingi, karibu kila mara ndiyo jibu la kwanza, na kwa wengi ndilo la mwisho.

Kuirudisha injini ilivyokuwa. Kama kompresheni imelingana na kasoro ni moto au mafuta, ni kazi ya siku chache. Kama ringi au valvu zimekwisha, ni kuifungua. Hapo sasa ndipo pa kuulizia gharama ya injini nyingine.

Kubadilisha impela peke yake. Hii ni kulinganisha pampu na injini. Injini inayotoa nguvu zake mapema, kwenye mizunguko ya wastani, hupendelea impela kubwa. Injini yenye kamshafti kali (shafti inayofungua valvu), inayoamkia kwenye mizunguko ya juu, hupendelea ndogo, iweze kufika kwenye mizunguko yake. Ukiweka impela kubwa kwenye injini dhaifu unaibana. Ndogo kwenye injini yenye nguvu inaweza kuifikisha kwenye mizunguko ya hatari. Kokotoa kwa mchemraba kabla ya kuagiza.

Pampu mpya. Inafaa kama bakuli au mdomo umeliwa na kutu, kama vipuri vya pampu yako havipatikani tena, au kama ulitaka kubeba mzigo mkubwa. Hapa kuna jambo ambalo wauza injini hawalisemi: boti ikiwa nzito na ikitembea taratibu, maji hayaingii kwa msukumo mdomoni, na pampu ndogo ikipewa nguvu nyingi huishia kwenye kaviteshini. Nguvu ipo, maji hayashikiki. Kama kwenye hatua ya 3 uliandika "changarawe wakati wa kuondoka" na pampu yako ni nzima, injini kubwa itazidisha ugonjwa.

Pima mahali pa mdomo kwenye tumbo la boti kabla ya kununua. Pampu mbili za ukubwa unaofanana zinaweza kuhitaji tundu tofauti, na kukata tumbo la boti si kazi ya mchana mmoja. Hakikisha pia mwelekeo wa mzunguko unalingana na injini.

Injini kubwa zaidi. Ya mwisho, na si kwa bahati mbaya. Injini haiji peke yake, huja na ukoo wake: viegemeo, ekzosi, njia za mafuta, uzito wa ziada upande wa tezi (nyuma ya boti). Kagua haya kwanza:

- Mihimili ya ndani na ubao wa tezi. Gonga kwa nyundo ya plastiki. Mlio mkavu ni mzima; mlio uliokufa, wa kuni mbichi, ni mbao iliyooza chini ya faiba. Boti ya namna hii isiongezwe hata nguvu farasi moja. Acha habari ya injini, tengeneza boti.
- Shafti, viungo na beringi ya msukumo, kama vinaruhusiwa na kitabu kubeba nguvu mpya.
- Maji ya kupozea. Boti nyingi za jeti huyachukua kutoka kwenye pampu, na shinikizo la pampu hupanda kwa mraba wa mizunguko. Mizunguko ikiongezeka kwa asilimia 15, shinikizo linaongezeka kwa takriban asilimia 32. Bila valvu ya kulipunguza, gasketi za injini ndizo zitakazolegea.
- Stati, alteneta, distribyuta na kabureta viwe vya baharini. Vya gari havijazibwa cheche wala mvuke, na chumba cha injini cha boti kimefungwa. Hapa hakuna kubana matumizi.
- Kibao cha mtengenezaji, kama kinataja kikomo cha nguvu.
- Tabia ya boti kwenye mwendo mkubwa. Iliyokuwa tulivu inaweza kuanza kuyumba kushoto na kulia ikiongezewa kasi, na dereva hana la kufanya ila kupunguza.

Ukimaliza orodha hii, fanya hesabu ya hatua ya 4 kinyume: nguvu mpya gawanya kwa nguvu ya sasa, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu kwa kikokotoo. Kutoka 300 hadi 400 unapata 1.10, yaani kama mizunguko 4,400 itakuwa takriban 4,840. Jiulize kama asilimia 10 ndiyo uliyoiandika kwenye hatua ya 1.

## Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja, upime tena

Usifunge impela mpya, kabureta mpya na nozeli ndogo kwa siku moja. Boti ikikimbia hutajua nani alistahili sifa. Isipokimbia hutajua nani wa kumrudisha dukani.

Badilisha kimoja. Rudi kwenye maji yale yale, watu wale wale, kiasi kile kile cha mafuta. Jaza safu mpya kwenye karatasi: mizunguko, mwendo, sekunde za kuinuka.

Vipachiko kama bamba la kutelezea chini ya pampu au kipakia maji cha mdomoni huchezea namna boti inavyokaa juu ya maji. Ni vya watu ambao tayari wana injini na pampu nzima, na tayari wanakimbia sana. Kwenye boti ya familia huweza kuifanya ikamate maji ghafla na kumtupa dereva.

Kazi imefanikiwa ukiona mambo matatu kwa pamoja: mizunguko inakaribiana na jedwali kwa impela uliyo nayo, haitikisiki unapofungulia mafuta yote, na sekunde za kuinuka zimepungua kila ulipojaribu.

Baada ya saa 10 za kwanza majini, kaza tena bolti za pampu na viegemeo vya injini, tia grisi beringi ya msukumo, tazama matone ya pakingi, na upime nafasi ya impela mara moja zaidi. Iandike kwenye karatasi ile ile, na tarehe.